Kiatu cha baridi huchaguliwa kwa kisigino

Mji wa Kabale nchini Uganda uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri za Juni na Julai joto hushuka hadi nyuzi 10 hivi. Kapchorwa na miteremko ya Rwenzori nako baridi haina mchezo. Wakazi hujikinga: gambuti shambani, buti za mitumba mjini, viatu vya manyoya nyumbani. Miguu hupata joto, ila visigino huendelea kuuma, kwa sababu viatu vingi vya baridi huufunika mguu bila kuushika.

Maumivu haya hujitambulisha yenyewe. Unashuka kitandani, hatua ya kwanza inakuchoma chini ya kisigino, zaidi upande wa ndani, kana kwamba umekanyaga msumari. Ukitembea kidogo yanapoa, kisha yanarudi ukiinuka baada ya kukaa sana. Chini ya unyayo kuna ukano mpana unaotoka kwenye mfupa wa kisigino hadi vidoleni, nao ndio unaolishikilia tao la mguu. Ukivutwa kupita kiasi siku baada ya siku, huchakaa na kunenepa pale uliposhikana na mfupa. Baridi hukaza misuli ya shavu la mguu. Misuli ikikaza huvuta kisigino juu, na ukano unazidi kunyooshwa. Ongeza hapo uzito wa mwili, au kusimama kutwa kwenye saruji kama wafanyavyo askari wa lindo, walimu na wauzaji sokoni.

Tuanze na gambuti, maana ndiyo huvaliwa saa nyingi zaidi. Usiiache: maradhi ya miguu kuvimba yatokanayo na kukanyaga udongo wa volkano pekupeku yameonekana Kamwenge na kwenye miteremko ya Elgon, na gambuti ni kinga. Tatizo ni kwamba ndani ni bapa na kisigino kinaelea. Kila hatua kisigino hupanda na kushuka, vidole hujikunja ili kuing'ang'ania, na unyayo mzima hukazana. Wengi huzidisha tatizo kwa kununua namba kubwa wapate nafasi ya soksi mbili. Vaa soksi moja nene ya sufu, simama, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse. Nyuma ya kisigino kipite kidole kimoja cha shahada. Vikipita viwili, rudisha.

Kisha tia soli ya ndani yenye tao lililoinuka na kikombe cha kisigino. Ukiikosa, fundi viatu anaweza kukukatia sponji ngumu ya soli, unene wa milimita 8 chini ya kisigino, akiichonga ipungue taratibu hadi iishie katikati ya unyayo. Sponji ya godoro haifai kabisa, hubonyea na kubaki hivyo. Weka miguu yote miwili hata kama unaoumwa ni mmoja, la sivyo utatembea upande mmoja juu na nyonga ianze kulalamika. Jioni itoe ikauke mbali na moto, kwa kuwa joto la jiko huipinda.

Buti za mitumba, ziwe za soko la Owino, Kampala, au za gulio la Ijumaa, zipimwe kwa mikono kabla ya kuulizana bei. Bonyeza ukuta wa nyuma kwa dole gumba. Ukilala kama kitambaa, kisigino chako hakitashikwa. Shika ncha mbili ukunje: kiatu kizuri hukunjika pale vidole vinapoanzia, kibaya hukunjika katikati kama chapati. Kikamue kama nguo iliyofuliwa, kinapaswa kukataa. Kiweke mezani ukitazame kwa nyuma. Kikiegemea upande, mwenyewe wa kwanza ameshakipinda na kitakupinda nawe. Mwisho chomeka ukucha kwenye sponji ya soli. Kuna viatu vinavyong'aa lakini vimekaa stoo miaka, sponji imekufa kwa unyevu na humeguka kama keki kavu. Hakuna gundi ya kuirudisha hiyo.

Kisigino cha buti kiwe juu kuliko sehemu ya vidole kwa sentimita moja au mbili. Bapa kabisa na kirefu sana vyote huumiza. Nunua jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, ukiwa na soksi zako za baridi, na umfuate mguu ulio mkubwa. Kamba zifungwe hadi juu. Buti iliyoachwa wazi haina tofauti na gambuti.

Ndani ya nyumba ndiko kazi yote huharibika, kwa kukanyaga saruji baridi pekupeku alfajiri. Weka kando ya kitanda sandali zenye mkanda wa nyuma. Lugabire, yaani sandali za tairi, ni imara, lakini tairi ni gumu, hivyo fundi akubandikie tabaka la sponji juu yake. Kabla ya kusimama, vuta vidole vya mguu kuelekea goti, hesabu hadi kumi, rudia mara kumi. Baadaye sukuma ukuta, mguu mmoja nyuma na kisigino kikiwa chini, sekunde 30, mara tatu kila upande.

Usisubiri ikiwa kuna ganzi, wekundu, homa, maumivu yasiyolala usiku, au kama umeanguka na huwezi kukanyaga. Mwenye kisukari aende hospitali mapema, na kila siku apapase ndani ya viatu kabla ya kuvivaa. Mtoto wa miaka 8 hadi 14 huweza kuumwa kisigino kwa sababu nyingine, sehemu ya mfupa inayokua, kwa hiyo naye aonwe. Mwezi ukipita bila nafuu, nenda hospitali yenye mtaalamu wa viungo, ukiwa na viatu unavyovaa kila siku, gambuti ikiwemo. Pale soli ilipolika zaidi ndipo mtaalamu ataanza kutazama.