“Imeunganishwa”: neno hili lina maana gani likitoka kwa boti

Ukituma kiraka, yaani mabadiliko madogo ya msimbo, kwenye mradi mkubwa wa programu huria, mara nyingi wa kwanza kukuambia kwamba kimepokelewa si mtu. Ni boti, na hapa sisemi ile ya kwenda Unguja. Ni programu ndogo inayoshinda ikichungulia hazina ya msimbo, na ikiona kitu kinachofanana na ulichotuma, inakuandikia. Kwa wanaotengeneza kiini cha Linux (kernel), ujumbe wake una adabu zote. Unaanza kwa salamu, unakwambia kiraka hiki kimewekwa kwenye mti fulani (nakala ya hazina inayotunzwa na mtunzaji), tawi fulani (mkondo mmoja wa kazi ndani yake), na mtu fulani, unakupa kiungo cha komiti, yaani rekodi ya badiliko hilo, halafu unakusifu na kukushukuru. Chini kabisa boti inajitambulisha kwa mlio wa kuchekesha, “Deet-doot-dot”, ili usije ukaijibu ukidhani ni mtu.

Ujumbe huo ukiwa na kosa, adabu zake ni zilezile. Hapo ndipo wageni wanaponaswa.

Hali ya kuunganishwa ni jibu la swali moja: je, msimbo wangu umeshaingia? Taarifa potofu ya kuunganishwa ni pale boti inaposema umeingia na kumbe bado, au haujaingia na kumbe umeingia zamani, au umeingia kweli lakini si mahali inapopataja wala kwa mkono wa mtu inayemtaja. Wengi husema boti imedanganya. Mimi naona si haki kuiita mwongo. Boti imejibu kwa ukweli swali jingine kabisa, na msomaji akadhani limejibiwa lake.

Tuanzie chini, kwenye Git yenyewe, programu inayotunza historia ya msimbo. Tangu Linus Torvalds alipoitengeneza mwaka 2005, Git imekuwa ikitunza vitu vichache tu: hali ya mafaili, komiti, na kila komiti imezaliwa na komiti ipi. Hakuna sehemu ndani yake palipoandikwa “kazi ya fulani imekubaliwa”. Kukubaliwa ni jambo la watu. Git inachoweza kukwambia ni kama komiti hii ni mzazi, babu au babu wa babu wa ile iliyo kwenye ncha ya tawi kuu. Ikiwa ndiyo, imeunganishwa. Ikiwa sivyo, haijaunganishwa. Mengine yote tunayoyasoma kwenye skrini, rangi na lebo na pongezi, ni makisio yaliyojengwa juu ya ukoo huo.

Unaweza kuyaona makisio hayo yakianguka mezani kwako leo hii. Fungua tawi, liite `rekebisha-tarehe`, weka komiti tatu ndogo, kisha kwenye mradi wako uliopo GitHub, tovuti inayohifadhi miradi ya Git, uliunganishe na tawi kuu kwa njia ya kuzikunja komiti zote kuwa moja. Msimbo wako sasa uko kwenye tawi kuu, unaonekana kwa macho. Lifute tawi kule GitHub, rudi kwenye kompyuta yako, hamia tawi kuu, vuta mabadiliko kwa `git pull --prune`, halafu jaribu kulifuta lile tawi kwa `git branch -d rekebisha-tarehe`. Git itagoma, ikidai tawi halijaunganishwa kikamilifu. Na ina haki yake: zile komiti tatu haziko kwenye ukoo wa tawi kuu. Iliyopo ni ya nne, mpya, yenye maudhui yaleyale na utambulisho mwingine. Kwako kazi imeingia. Kwa Git, wale watoto watatu hawajawahi kufika nyumbani.

Kila boti ya aina hii inarithi ugumu huo.

Kwenye kiini cha Linux ugumu unazidi kwa sababu ya jinsi kazi inavyopokelewa. Kiraka kinakuja kwa barua pepe, mtunzaji wa sehemu husika anakisoma, akiridhika anakiweka kwenye mti wake kwa `git am`, amri inayogeuza barua pepe kuwa komiti. Utambulisho wa komiti unakokotolewa kutokana na maudhui, mzazi wake, mwandishi, aliyeiweka na saa aliyoiweka. Kwa hiyo komiti inayozaliwa kwenye mti wa mtunzaji haiwezi kuwa na utambulisho wa ile iliyoko kwenye kompyuta yako. Boti haina namba ya kufuatilia. Inafanya nini? Inachukua sehemu ya mabadiliko peke yake, mistari iliyoondolewa na iliyoongezwa, inaitengenezea kitu kama alama ya kidole, kisha inailinganisha na alama za viraka vyote vilivyosajiliwa kwenye Patchwork, daftari ambamo kila kiraka kina hali yake: kipya, kinakaguliwa, kinahitaji marekebisho, kimekubaliwa. Zikilingana, boti inabadilisha hali kwenye daftari na kumwandikia mwenye kiraka. Boti hiyo imetoka kwa Konstantin Ryabitsev wa Linux Foundation, na kwa kweli imewapunguzia watunzaji mzigo mkubwa wa kuandika “asante, nimekiweka” mara mia kwa wiki.

Sasa angalia inavyoteleza. Mtunzaji akikuta kosa la tahajia kwenye maelezo yaliyo ndani ya msimbo wako, akalirekebisha kwa hisani yake bila kukurudishia, alama ya kidole imebadilika. Boti inaweza kupita pembeni ya kiraka chako bila kukitambua. Wewe unasubiri, unaandika kuulizia, unaambiwa kwa mshangao kwamba kiliingia wiki mbili zilizopita. Au ulituma toleo la pili, ukaambiwa ujumbe wa komiti haueleweki, ukaandika mwingine na kutuma toleo la tatu bila kugusa msimbo hata mstari mmoja. Alama ni moja kwa matoleo yote mawili, na boti inaweza kukwambia lililowekwa ni lile la pili, uliloshaambiwa halifai.

Kosa ninalolipenda zaidi, kama kosa linaweza kupendwa, ni la mkondo kurudi nyuma. Tuseme umeandika mfululizo wa viraka vinavyogusa mifumo kadhaa ya mafaili kwa pamoja. Kwa heshima unawapelekea nakala watunzaji wote, akiwemo wa f2fs, mmoja wa mifumo hiyo. Viraka vinachukuliwa na mtunzaji wa sehemu nyingine kabisa, vinapita kwenye mti wake, vinafika kwa Torvalds, mwenye mti mkuu wa Linux. Baadaye mtunzaji wa f2fs anavuta mabadiliko ya Torvalds ili mti wake uende na wakati. Toleo moja la kiini hubeba zaidi ya komiti 10,000, kwa hiyo yanayoingia kwa mvuto huo ni furiko. Boti inayochungulia mti wa f2fs inaona viraka vyako ndani ya furiko, inakuta vimesajiliwa kwenye daftari lake kwa sababu ya ile nakala, na inakuandikia kwa furaha: vimewekwa kwenye mti wa f2fs. Na nani? Boti inasoma jina la aliyeiweka komiti, yaani yule mtunzaji wa sehemu nyingine, mtu ambaye hana kazi yoyote ya kuweka viraka kwenye f2fs. Ujumbe unakuja wiki kadhaa baada ya jambo lenyewe kwisha, unataja mti usiohusika na mtu ambaye hajaugusa. Ukiuchambua neno kwa neno, kila neno lina ukweli wake. Komiti ziko kwenye mti huo. Aliyeziweka anaitwa hivyo. Ni sentensi nzima ndiyo isiyo kweli.

Kuna na ile ya mfululizo nusu. Sentensi ya juu inasema mfululizo huu umewekwa. Chini kuna orodha, kiraka kwa kiraka, kila kimoja na kiungo chake, na katikati ya orodha unaweza kukuta kiraka kimoja au viwili vilivyoandikiwa kwenye mabano kwamba hakuna komiti inayolingana navyo. Anayesoma mstari wa kwanza kwenye simu na kuendelea na safari yake ataondoka na habari isiyo kamili, ingawa boti yenyewe imeikamilisha mistari minne chini.

Hata pale boti inapokuwa sahihi kabisa, neno “kimewekwa” linabeba kidogo kuliko linavyosikika. Kuwekwa kwenye mti wa mtunzaji si kufika kwa Torvalds. Kwa kawaida kiraka kinapita kwanza linux-next, mti wa majaribio unaochanganya kazi za watunzaji wengi, kisha kinasubiri dirisha la kuunganisha, wiki mbili hivi mwanzoni mwa kila mzunguko, na toleo lenyewe hutoka kila baada ya wiki 9 au 10. Mfanyabiashara wa Kariakoo akiambiwa mzigo umepakiwa melini, hafungui duka siku hiyo akaanza kuuza.

Haki itendeke: boti ndugu yake, ile inayofuatilia maombi ambayo watunzaji humpelekea Torvalds, hukosea kwa nadra zaidi. Sababu haina uhusiano na akili ya boti. Mtunzaji anapoomba mti wake uvutwe, komiti zinaingia kama zilivyo, na utambulisho wake haubadiliki. Boti inauliza Git swali ambalo Git inaweza kulijibu: komiti hii iko kwenye ukoo wa tawi kuu? Makisio hayahitajiki.

GitHub ina mtego wake, na huu unawagusa wengi zaidi kwa kuwa huko ndiko wengi wetu tunakoanzia. Huko unatuma ombi la kuunganishiwa tawi lako (pull request). Ombi lililounganishwa linapata rangi ya zambarau, lililofungwa bila kuunganishwa linapata nyekundu. Rahisi, mpaka ufike kwenye mradi wa PyTorch. Pale boti ya mradi ndiyo inayochukua ombi lako, inalikunja kuwa komiti moja, inaisukuma moja kwa moja kwenye tawi kuu, kisha ombi linafungwa. GitHub haikuona kitufe cha kuunganisha kikibonyezwa wala haioni komiti zako kwenye ukoo, basi inapaka nyekundu. Boti nayo inabandika lebo yake inayosema limeunganishwa. Mgeni anakuta ukurasa mmoja unaosema mambo mawili yanayopingana, na kwa sababu rangi inasomeka haraka kuliko maandishi, anaondoka akiamini amekataliwa. Node.js nako hutokea hivyohivyo kwa baadhi ya maombi, kwa njia yao: ombi linafungwa na kuachiwa maneno yanayosema limetua kwenye komiti fulani. Ukitaka habari ya kweli, soma namba ya komiti hiyo na uiache rangi.

Na si wageni peke yao. Watafiti waliochambua data za GitHub waliandika mwaka 2014 kwamba maombi mengi yanaonekana hayakuunganishwa ilhali yaliunganishwa. Anayehesabu zambarau kwa nyekundu ili ajue mradi upi unakaribisha watu na upi unawafukuza, atauhukumu vibaya mradi ambao kosa lake pekee ni kutumia mlango wa nyuma.

Upande wa pili upo pia. Zambarau inaweza kukaa mahali isipostahili. Ombi lililounganishwa kwenye tawi la kazi nyingine, si tawi kuu, linapata zambarau ileile. Ombi lililounganishwa jana na kutenguliwa leo asubuhi kwa kuwa limevunja majaribio linabaki zambarau, kwani GitHub inaandika tukio lililotokea na haifuatilii kama matokeo yake bado yapo. PyTorch wanajaribu kulitibu hili: ikitengua, boti yao inalifungua tena ombi na kubandika lebo ya kutenguliwa, huku ile ya kuunganishwa ikibaki palepale. Unaona lebo mbili zikikaa pamoja kama mashahidi wawili wanaopingana kwenye kesi moja, na wote wamesema kweli, kila mmoja kwa saa yake.

Usichanganye haya na kile kibandiko kingine kinachosema tawi lako “linaweza kuunganishwa”. Hicho ni utabiri. Maana yake ni kwamba mistari haigongani tu. Hakijajaribu kama msimbo utafanya kazi. Mtu akibadilisha jina la kazi (function) kwenye faili moja na wewe ukaiita kwa jina la zamani kwenye faili jingine, hakuna mistari iliyogongana, kibandiko kitakuwa kijani, na tawi kuu litavunjika. Tena GitHub hulikokotoa jibu hilo pembeni, na kabla halijawa tayari huwapa wanaouliza kwa programu thamani tupu. Boti iliyoandikwa kwa haraka huuchukulia utupu huo kama “hapana”, ikakuandikia kwamba una mgongano ambao haupo. Subiri kidogo, uliza tena, mgongano umeyeyuka.

Basi ukipata ujumbe wa boti na jambo ni la maana kwako, pengine bosi anauliza marekebisho yatatoka lini, iulize Git mwenyewe. Vuta mabadiliko ya mti unaokuhusu, si ule boti iliyoutaja. Chukua namba ya komiti kwenye kiungo na uandike `git branch -r --contains` ikifuatiwa na namba hiyo. Utaona matawi yaliyonayo. Kama huna namba, `git cherry` inalinganisha tawi lako na jingine kwa alama za mabadiliko, ikitia alama ya kutoa mbele ya komiti ambazo zimekwishafika na ya kujumlisha mbele ya ambazo bado. Nayo inatumia njia ileile ya alama ya kidole, kwa hiyo haitaitambua komiti iliyoguswa njiani. Hapo tafuta kichwa cha kiraka kwa `git log --grep` na usome kwa macho yako. Ukishaipata, angalia kama baadaye kuna komiti iliyoitengua. Mwisho andika `git tag --contains` na namba. Ikikurudishia orodha, jina la toleo la zamani zaidi humo ndilo toleo la kwanza lililobeba kazi yako. Ikikaa kimya, vuta na lebo za matoleo uulize tena. Ikinyamaza na safari hiyo, kiraka chako bado hakijatoka, hata kama boti ilishakupongeza mwezi uliopita.