"Refa, sekunde tatu!"

Kelele hiyo naisikia kila mechi ya mpira wa kikapu ninayochezesha, na mara nyingi anayeipiga ameanza kuhesabu mapema mno.

Kifungu cha 26 cha sheria za FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, kinamkataza mshambuliaji kukaa zaidi ya sekunde tatu mfululizo chini ya kikapu cha mpinzani, na kinanihesabisha tu pale timu inapomiliki mpira hai katika nusu inayoshambulia, saa ya mchezo ikitembea, na mchezaji wake akiwa ndani ya eneo lililo chini ya kikapu cha mpinzani. Mpira ukiwa bado kwa mrushaji wa pembeni, saa imesimama. Senta, yule mrefu anayecheza karibu na kikapu, apige kambi chini ya ringi atakavyo. Shuti likitoka mkononi, umiliki umekwisha, kwa hiyo wanaogombea ribaundi, yaani mpira uliokosa kuingia, hawana kosa hata wakiupapasa mpira juu mara nne. Mshambuliaji akiudaka, naanza moja upya.

Utata uko kwa aliyekaribia tatu. Sheria inataka avumiliwe anayejitahidi kutoka, aliyemo wakati yeye au mwenzake anaachia shuti, na aliyekuwa humo chini ya sekunde tatu akaanza kudunda ili afunge. Huyu wa mwisho ndiye anayenipa kazi: akighairi kufunga akarudisha pasi nje, uvumilivu umekwisha, napuliza. Benchi lake hulalamika kila mara.

Kutoka ni kukanyaga nje kwa miguu yote miwili, na mistari yake, isipokuwa ule wa mwisho wa uwanja, ni sehemu ya eneo. Wajanja hutoka nje kwa kupitia mstari wa mwisho, nyuma ya ringi, kisha wakaingia tena. Tafsiri rasmi ya FIBA inalihesabu hilo kuwa kosa.

Mimi hutumia mdomo kabla ya filimbi: "Saba, toka!" Wengi husikia. Aliyesahau kisigino kwenye mstari, mbali na mpira, hasumbui mtu. Kumpulizia ni kukata mchezo bure. Lakini anayemsukuma beki kwa nyonga akisubiri pasi, au anayemwekea mwenzake skrini (kumzuia beki kwa mwili) humo humo, simwongezei hata nusu sekunde, kwa sababu anavuna kutokana na kukaa kwake.

Halafu kuna wanaokesha na NBA, ligi ya Marekani, wanaotaka nimpulizie beki. Ligi hiyo ilianza kuwahesabia mabeki msimu wa 2001–02. FIBA haina kitu hicho: beki anaweza kusimama humo robo nzima.