Nati ya paipu ya breki inaposhika: nini hasa kimeshika?

Fundi akisema nati ya paipu ya breki imeshika, maana yake spana imekaa, mkono unavuta, nati haitoki. Hilo kila mtu analielewa. Kisichosemwa ni kwamba nati hii inaweza kushika sehemu mbili tofauti, na dawa ya sehemu moja ni balaa kwa nyingine.

Chukua Corolla ya miaka ya tisini, breki za nyuma za dramu. Nyuma ya gurudumu kuna silinda ndogo, na paipu ya chuma isiyofikia unene wa penseli (milimita 4.75 hivi) inaingia humo kwa nati namba 10. Nati hiyo ina tundu katikati, paipu inapita ndani yake. Ncha ya paipu imepanuliwa mdomo. Unapokaza nati, inausukuma ule mdomo ukandamizwe kwenye kikalio chake ndani ya silinda. Kinachozuia mafuta ya breki kuvuja ni mdomo huo, chuma kwa chuma. Meno ya nati kazi yake ni kusukuma tu. Ndiyo maana kufunga tepu nyeupe ya mabomba ya maji kwenye meno hayo ni kupoteza muda, tena ni hatari, kwa kuwa kipande kikikatika kinaingia kwenye mfumo.

Sasa, kwa sababu mafuta hayafiki kwenye meno, meno hukaa makavu. Maji, matope na chumvi vinaingia kutoka nje, kwa nyuma ya nati, pale paipu inapotokeza. Gari lililoishi Mombasa au Unguja hupata chumvi ya bahari. Lililoagizwa kutoka mikoa ya theluji ya Japani huenda lilishakula chumvi ya barabarani kabla halijapanda meli.

Kutu ikishika kwenye meno, nati haigeuki kabisa. Hiyo ndiyo aina inayojulikana. Ikishika kati ya nati na paipu, nati inageuka, lakini inaibeba paipu pamoja nayo. Ishara yake ni rahisi kuiona: unavuta spana, nati inakwenda kidogo, ukiachia inarudi yenyewe. Hapo paipu imejisokota na inajinyoosha. Wengi hufurahi kwamba imeanza kulegea, wanaongeza nguvu, paipu inanyongoroka na kupasuka.

Kwa kushika kwa meno, anza na brashi ya waya, toa uchafu wote, kisha mwagia oili ya kulegeza kutu na uiache, ikiwezekana hadi kesho. Baadhi ya mafundi huchanganya oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, na inapenya vizuri. Gonga nati kwa nyundo ndogo pande zote. Mtikisiko hupasua kutu. Halafu jaribu kukaza kidogo kabla ya kufungua. Spana iwe ile ringi iliyokatwa upande mmoja ili ipite kwenye paipu, inayoshika karibu pembe zote sita. Spana ya mdomo wazi hushika pande mbili tu, na nati hizi ni laini: ikiteleza mara moja pembe zimelika, na kinachofuata ni vaisgripu, yaani koleo la kujifunga.

Kama ni paipu iliyoshikana na nati, oili ielekezwe nyuma, kwenye mwanya wa kuingilia paipu. Kaza na ufungue kwa hatua fupi fupi, ukiangalia paipu badala ya nati. Ikianza kubaki imetulia huku nati ikizunguka, umeshinda.

Moto mimi siupendi hapa. Mafuta ya breki yanawaka, na ndani ya silinda kuna raba. Ukiona lazima uutumie, usiufikishe karibu na mpira wa breki wala silinda ambayo huibadilishi. Tena usipashe moto sehemu iliyopuliziwa dawa ya kusafishia breki: zile zenye klorini zikiungua hutoa gesi ya sumu.

Toyota huagiza nati hizi zikazwe kwa Nm 15 tu (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), nguvu ya kiganja na spana fupi. Ukijikuta unatafuta bomba la kurefushia spana, acha. Kata paipu kwa msumeno karibu na nati, visha nati soketi ya pembe sita, na fungua kwa nguvu unayotaka. Paipu iliyokula kutu ilikuwa ya kutupwa hata hivyo. Cha kulinda ni meno ya silinda, au ya kalipa kama breki ni za diski.

Paipu mpya ya mchanganyiko wa shaba na nikeli haishiki kutu na inakunjika kwa mkono. Angalia mdomo wake tu. Magari ya Kijapani hutumia mdomo uliokunjwa mara mbili. Mengi ya Ulaya hutumia wa mviringo. Nati za aina zote mbili mara nyingi zina meno yaleyale ya milimita 10, hivyo paipu ya Peugeot itaingia kwenye Toyota bila kulalamika, na itavuja. Ukishafunga, toa upepo kwenye mfumo wa breki, mtu akanyage pedali kwa nguvu na aishikilie, nawe upitishe kidole kikavu kuzunguka nati.