Bakteria wa Kuvumwani Hupataje Jina

Mabaka ya kijivu, manjano au kijani yanayotanda juu ya mawe na magome ya miti huitwa kuvumwani, na jina lenyewe linajieleza: ni kuvu inayoishi na mwani, au na bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Simon Schwendener, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, aliueleza muungano huo miaka ya 1860. Humo humo, hata hivyo, wamo bakteria wengine wengi, na baadhi yao hawana jina hadi leo.

Kuwaotesha kunahitaji subira. Kipande cha kuvumwani husafishwa, husagwa katika maji yaliyotakaswa, kisha maji hayo huzimuliwa na kupakwa juu ya agari (rojo iliyoganda ya kuoteshea vijidudu) yenye virutubisho haba, kwa sababu penye chakula tele bakteria wakuaji wa haraka huwafunika wale wa polepole, ambao mara nyingi ndio tunaowatafuta.

Mtafiti akishapata kundi safi, la bakteria wa aina moja tu, husoma jeni ya 16S ya ribosomu (kiwanda cha protini cha seli), yenye herufi za DNA zipatazo 1,500. Ikifanana na ile ya spishi inayojulikana kwa chini ya asilimia 98.7, kuna dalili nzuri ya spishi mpya. Ikifanana zaidi ya hapo, bado haijathibitika kuwa ni spishi ile ile, na ndiyo maana jenomu nzima, yaani DNA yote ya bakteria, hulinganishwa, mpaka wa spishi moja ukiwa kufanana kwa takriban asilimia 95 hadi 96. Huchunguzwa pia umbo la seli, mafuta ya utando wake, na joto, chumvi na sukari anazozimudu.

Sharti ninalolithamini kuliko yote ni hili: bakteria hai wa kielelezo, yaani wale ambao jina la spishi limefungwa kwao, lazima wawekwe katika hifadhi mbili zilizo katika nchi mbili tofauti, ili mtafiti yeyote aweze kuwaomba na kuyarudia majaribio. Bila hivyo, jina halitambuliwi na kanuni za kimataifa za majina ya bakteria.

Kwa njia hiyo, mwaka 2019 alitambulishwa *Lichenihabitans psoromatis*, kutoka kuvumwani ya Antaktika ya jenasi *Psoroma*. Sehemu ya kwanza ya jina ina maana ya mkazi wa kuvumwani. Oda yake (kundi kubwa la koo za bakteria), Rhizobiales, ndiyo pia ya bakteria wa vinundu vya mizizi ya mikunde, wanaonasa naitrojeni ya hewani. Lakini udugu huo pekee hauthibitishi kwamba naye anaifanya kazi hiyo. Jambo hilo hutafutwa katika jenomu yake, kisha hupimwa maabara.