Sauti za ndugu hazishikani kwa damu

Malipo ya minada ya korosho yakishatoka, huku kwetu Mtwara na Lindi ndipo michango ya kanisa inapochangika, na ndipo kamati zinapokumbuka kuwatunuku wazee wa uimbaji. Kila risala ya kulitunuku kundi la familia lililoimba Injili miaka 30 au 40 ina sentensi ileile: "Hawa ni ndugu, sauti zao zinashikana zenyewe, ni damu." Naomba tuifute. Inawanyang'anya wazee wetu kazi yao siku ileile tunayosema tunaiheshimu.

Damu ina mchango wake, silikatai. Ndugu hufanana koo na taya, kwa hiyo rangi za sauti zao hukaribiana. Lakini ni familia ngapi pale Masasi au Nachingwea zenye watoto sita, na hawawezi kushika kiitikio hata kwa sauti mbili? Kinachoshikanisha ni irabu. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu, na noti ndefu hukalia hapohapo. Kwaya ikiimba "Bwana", mmoja ana "a" iliyo wazi, wa pili ameikunja kuelekea "o", wa tatu keshaiacha. Kundi la familia limekaa miaka likikubaliana kinywa kifunguke kiasi gani, pumzi ivutwe wapi, irabu ikatwe kwenye pigo lipi. Hayo ni mazoezi, jioni baada ya jioni.

Na mazoezi yana mwalimu. Roebuck "Pops" Staples, mwimbaji wa Injili wa Marekani, aliwaketisha wanawe sakafuni huko Chicago, akampa kila mmoja sauti yake. Kundi lao, The Staple Singers, lilianza kuimba makanisani mwaka 1948, na tuzo ya Grammy ya mafanikio ya maisha, tuzo kubwa ya muziki ya Marekani, ikawafikia mwaka 2005, baba akiwa ameshafariki tangu 2000. The Clark Sisters wa Detroit waliipata mwaka 2024. Mama yao, Mattie Moss Clark, mwalimu wa kwaya aliyewanoa tangu utotoni, alifariki mwaka 1994. Risala inayosema "damu" inamfuta mtu wa namna hiyo. Ulizeni nani aligawa sauti, nani alikuwa anasimamisha wimbo na kuurudisha mwanzo. Jina lake liandikwe kwenye ngao pamoja na ya waliotangulia mbele za haki, kwa herufi walizozitumia wao wenyewe.

Sasa kinanda, kwa sababu hapa ndipo sherehe nyingi zinapoharibikia. Kundi lililozoea kuimba bila chombo huiweka mi, noti ya tatu kwenye do-re-mi, mahali sikio linapotaka, chini ya mi ya kinanda kwa takribani asilimia 14 ya nusu toni (hatua ya kibonye kimoja cha kinanda hadi kinachofuata, cheupe au cheusi). Ni kidogo, lakini noti ikishikwa mapigo manne utasikia mtetemo, sauti zinapigana. Mpiga kinanda kijana huongeza sauti ili "awasaidie", wazee wanavutwa juu, mshikamano unavunjika, na watu wanasema uzee umewaingia. Wazee hawana kosa. Mpeni mpiga kinanda agizo moja: kwenye vituo virefu apige do na so tu, mi awaachie waimbaji. Au awape do ya kuanzia, kisha anyamaze.

Ufunguo wa wimbo, yaani noti inayokaliwa na do, msiuchukue kwenye kaseti bila kupima. Mkanda hupita kwa sentimeta 4.76 kwa sekunde. Redio ikikimbia kwa asilimia 6 tu, wimbo umepanda nusu toni nzima, na kamati inamlazimisha mama wa miaka 65 afikie noti ambayo hata ujanani hakuiimba. Linganisheni nakala mbili, kisha imbeni naye. Kaseti zenyewe, kwa unyevu wa pwani hii, kagueni kwanza kwa macho. Yenye unga mweupe wa ukungu isiingie kwenye mashine, maana itaambukiza na zinazofuata. Iliyo safi ipelekeni mbele hadi mwisho na kuirudisha kabla ya kuicheza, futeni kichwa cha redio kwa spiriti, na nakili bila kuongeza mwangwi wala kupunguza chochote. Kusafisha sauti ni kazi ya baadaye, kwenye nakala nyingine.

Kushusha ufunguo ndiko kunakoniweka njia panda. Kutoka G hadi E ni nusu toni tatu: sauti ya kwanza inapumua, lakini besi inazama mahali ambapo mzee ana hewa tu, hana nguvu. Tena wimbo unapoa, kwa sababu ile noti ya juu iliyokuwa inalia sasa inaongea. Mara nyingi nashusha nusu toni mbili na kumpa mjukuu noti ya juu kabisa. Hata hivyo kila mara nabaki na wasiwasi kwamba ule si wimbo wao tena. Wapimeni jioni, saa ileile ya sherehe, kwa sauti kamili.

Maikrofoni: msimgawie kila mmoja ya kwake. Hawa walijipima kwa miguu, mwenye sauti nzito akirudi hatua moja, mwenye nyepesi akisogea. Fundi akishika mikisa, ile mashine ya kupandisha na kushusha kila maikrofoni, kipimo hicho kinahamia kwake, naye hajui wimbo. Wekeni moja au mbili mbele yao, umbali wa hatua moja hivi, wao wakiwa nusu duara ili waonane midomo. Spika zitangulie mbele ya maikrofoni, la sivyo zitapiga mluzi. Na tarehe isiangukie kwenye mvua: bati likianza kupigwa, hakuna mashine itakayowaokoa.

Haki zao pia zishughulikiwe kabla ya siku yenyewe. Anayetunga wimbo ana haki maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, kwa sheria yetu, kwa hiyo andikeni nani alitunga kipi na muwasindikize hadi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, wakiwa wangali na kumbukumbu.

Linabaki la sauti ya marehemu. Sauti ya pili ikikosekana, mlio wa sauti zikiimba pamoja unabaki na tundu katikati, na kamati hukimbilia kumweka mwimbaji wa kwaya kuu. Huyo atazijua noti, irabu hatazijua. Waulizeni wanafamilia wenyewe. Wakisema nafasi ibaki wazi, iacheni wazi kwenye nusu duara, upana wa mtu mmoja, na fundi asiweke stendi hapo.