Umeshinda safari ya Zanzibar, tuma 85,000 kwanza

Kibanda changu cha miamala kiko jirani na Soko la Majengo, hapa Dodoma mjini. Mwaka wa nane sasa naweka na kutoa hela za watu, na nimeshajua mtu anayetapeliwa akiwa bado yuko hatua kumi. Anakuja simu iko sikioni. Anaongea chini kwa chini. Ukimuuliza hela hii inaenda wapi, anageukia upande wa barabara. Aliye upande wa pili amemwambia asikate simu na asimwambie wakala kitu.

Meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" watu wengi wameshazizoea, hata watoto wanazicheka. Zinazowamaliza watu siku hizi ni hizi za safari: umeshinda siku nne Zanzibar, umeshinda Dubai, umeshinda kwenda Serengeti na familia. Zinawapata watu makini kabisa, kwa sababu kila mtu ana mahali alipotamani kufika siku moja. Yafuatayo ni maneno ninayoyasikia hapa dirishani karibu kila wiki, na ukweli wake.

"Kutoa kidogo ili upate kikubwa ni jambo la kawaida"

Siku moja alikuja mwalimu mstaafu kutoka upande wa Kongwa, nimemzoea kwa sababu hutolea pensheni yake hapa.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Niwekee themanini na tano elfu, halafu unisaidie kutuma namba hii."

Namba ilikuwa nyuma ya risiti ya duka, kaiandika kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni. Nikamwomba nione meseji. Ilikuwa hivi: "HONGERA! Namba yako imeshinda safari ya siku 4 Zanzibar kwa watu 2. Boti na hoteli VIMELIPIWA. Lipia kibali cha kuingia Zanzibar na bima 85,000 kabla ya saa 10 jioni. Usimwambie mtu kulinda zawadi yako."

Nikamuuliza kama kuna hela nyingine ameshatoa. Akasema jana alituma elfu ishirini ya fomu. "Sasa nikiacha leo, mwanangu, si zile ishirini zitakuwa zimepotea?"

Hapo ndipo mtego wenyewe ulipo, na ndiyo maana malipo ya kwanza huwa madogo. Ile elfu ishirini haikuwa shabaha ya tapeli. Kazi yake ilikuwa kumfanya mwalimu aone ameshaanza safari, aone uchungu kurudi nyuma. Baada ya 85,000 ingekuja ya "kubadilisha tarehe", kisha ya "mizigo", kisha ya kurudishiwa zile za mwanzo. Nimeona mtu akifika hatua ya tano.

Na angalia jinsi uongo ulivyochanganywa na ukweli. Bima ya lazima ya Zanzibar ipo kweli, ilianza tarehe 1 Oktoba 2024, lakini inawahusu wageni wanaotoka nje ya nchi, dola 44 kwa mtu mzima. Mtanzania haihitaji, wala hahitaji pasipoti ili kupanda boti pale Dar. Anaenda na kitambulisho chake. Mwalimu alisikia habari za bima redioni, kwa hiyo meseji ilipoitaja akaona hawa ni watu wa kweli.

Tulitafuta wenyewe namba ya hoteli waliyomtajia, hatukupiga namba waliyompa wao. Dada wa mapokezi akajibu kwamba hawana droo yoyote na kwamba sisi si wa kwanza kuuliza. Mwalimu akakaa kwenye benchi. Akazikunja hela taratibu, akazifunga kwenye pindo la kanga, akasema, "Nilishamwambia mdogo wangu afunge virago."

Zawadi haina ada ya fomu. Haina ada ya uthibitisho, ya kibali, ya kufungua faili wala ya dereva wa kukuletea tiketi. Mamlaka ya Marekani inayowalinda walaji, FTC, imekuwa ikiwaonya watu wake jambo hilo hilo kwa miaka mingi, kwa sababu huko nako mchezo huu upo, tena ulianza kwa kadi za posta na simu za mezani kabla yetu sisi kuwa na simu mfukoni. Ukidaiwa hela ili upewe zawadi, hakuna zawadi.

"Hiyo ni kodi, na kodi lazima ilipwe kwanza"

Hii inawakamata hasa watumishi, na mji wetu umejaa watumishi. Mtu aliyezoea taratibu za serikali akisikia TRA, mamlaka ya mapato, imetajwa anakaa sawa.

Kwa ushindi wa michezo ya kubahatisha, kodi hukatwa na mwendeshaji wa mchezo kabla mshindi hajapewa chake, naye ndiye anayeiwasilisha TRA. Malipo ya serikali yana kontroo namba, yaani namba maalumu ya kulipia inayotolewa na mfumo wa serikali. Hayaendi kwenye laini ya mtu. Droo za zawadi nchini ziko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyopo kwa sheria ya mwaka 2003, na droo halali za kampuni kubwa utaona ofisa wa Bodi amesimama pale zikichezeshwa. Wanaokwambia umeshinda waulize: droo gani, ilichezeshwa lini, kwa kibali gani? Na wewe jiulize kama uliwahi kushiriki.

Ndivyo ilivyo pia kwa pasipoti. Kijana wa Chang'ombe aliambiwa amepata safari ya Dubai na kwamba pasipoti "itaharakishwa" kwa 60,000. Pasipoti ya kielektroniki ya kawaida ni 150,000, unaomba Uhamiaji, unalipa kwa kontroo namba, na huwezi kutengenezewa na mtu ambaye hajawahi kuona hata vidole vyako.

"Jina lilikuja, na laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole"

Hili naliandika nikiwa na uchungu, maana linahusu kazi yetu sisi tunaokaa vibandani.

Ni kweli, usajili kwa alama za vidole ulianza mwaka 2019, na laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kufungwa Januari 2020. Ni kweli pia kwamba kabla hujaweka namba ya siri, jina la mpokeaji linajitokeza. Lakini jina linaloonekana ni la aliyesajiliwa, na yeye mara nyingi hajui kitu. Pengine ni bibi wa kijijini aliyefuatwa nyumbani na kijana mwenye mashine, akaambiwa, "Kidole hakijashika bibi, weka tena." Akaweka mara ya pili, mara ya tatu. Laini moja akapewa yeye, nyingine ikaondoka na kijana na kuuzwa.

Kwa hiyo kuona jina la mtu wa kawaida ni sababu ya kusita. Kama kweli unalipa hoteli au kampuni ya utalii, kwa nini lije jina la mtu binafsi?

Na wewe mwenyewe jikague. Piga *106# uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Nimewahi kumsaidia mama mmoja muuza mboga akakuta laini ambayo hajawahi kuishika. Aliogopa hadi mikono ikamtetemeka, nami sikumlaumu.

Mwingine anasema, "Lakini huyu kapiga simu kasema anatoka mtandao wangu." Huduma kwa wateja wa mitandao yote ina namba moja, 100. Anayekupigia kwa namba ya kawaida na kudai ni mtandao wako, kata.

"Sijatoa hata senti, nimejaza fomu tu"

Inakuja linki kwenye kundi la WhatsApp la ukoo au la kwaya: shirika fulani la ndege linatimiza miaka kadhaa, linagawa tiketi za bure. Unajibu maswali matatu mepesi, unaambiwa umeshinda, kisha uitume kwa watu ishirini. Hapo umeshafanya kazi mbili za tapeli. Umempa taarifa zako, na umemdhamini kwa ndugu zako, kwa sababu wao wanaiamini linki iliyotoka kwako kuliko iliyotoka kwa mgeni.

Namba ya NIDA, picha ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa: vyote hivyo vinatosha kumwezesha mtu kujifanya wewe. Kibaya zaidi ni zile tarakimu sita zinazoingia kwa meseji halafu "mhudumu" anaomba umsomee. Ukizisoma, WhatsApp yako imehamia kwake, na jioni ile ile shangazi yako wa Mpwapwa anapokea ombi la kukopeshwa 50,000 likiwa na picha yako.

Linki isome kabla ya kubofya. Ya ofisi ya serikali ya Tanzania huishia na .go.tz kabla ya mkwaju (/) wa kwanza unaofuata baada ya https://. Ikiwa na jina la shirika katikati na mkia wa ajabu mwishoni, iache hapo hapo.

"Wana ofisi, wana leseni, na tiketi nimetumiwa"

Picha ya cheti inapigwa na kuhaririwa kwa dakika tano. Kampuni kusajiliwa BRELA, kwa wakala wa usajili wa biashara, pia hakutoshi. Biashara ya kupeleka watalii inahitaji leseni yake, ile ya TALA, chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Jina la kampuni litafute mwenyewe, pata namba zao mwenyewe, piga.

Kuhusu tiketi ya ndege nitaeleza zaidi kidogo, kwa sababu wengi hawajawahi kuelezwa. Kushikiwa nafasi na kuwa na tiketi ni mambo mawili. Mtu anaweza kukuwekea nafasi bila kulipa, akakutumia karatasi nzuri yenye jina lako na herufi sita, na ukiingiza herufi hizo kwenye tovuti ya shirika utajiona kabisa. Baada ya muda nafasi ile inafutika. Tiketi iliyolipiwa ina namba ya tarakimu 13, tatu za mwanzo zikiwa za shirika lenyewe: Ethiopian ni 071, Kenya Airways ni 706. Hakuna namba hiyo, hakuna tiketi. Ukishaiona, bado piga shirika wakuthibitishie.

"Basi safari za bure zote ni utapeli"

Hapana. Kampuni hutoa zawadi za kweli, na waajiri hupeleka wafanyakazi mbugani. Kuna pia aina ya katikati: unaalikwa hotelini, chakula cha bure, halafu unakalishwa saa nzima na zaidi ukishawishiwa kununua uanachama wa "klabu ya likizo" wenye ada ya kila mwaka. Huo unaweza kuwa mkataba halali kabisa, na ndiyo sababu unauma. Nchi za Umoja wa Ulaya zinampa mnunuzi wa likizo za namna hiyo siku 14 za kubadili mawazo. Hapa kwetu usitegemee hivyo. Omba mkataba uende nao nyumbani ukausome. Wakikataa uondoke nao, ondoka bila kuusaini.

Na kama hamu ni ya kuiona bahari, piga hesabu. Nauli ya kawaida ya treni ya SGR kutoka Dodoma hadi Dar ilipotangazwa mwaka 2024 ilikuwa 31,000. Mwalimu wangu alitaka kutuma karibu mara tatu ya hiyo kwa mtu asiyemjua.

"Wanaotapeliwa ni wenye tamaa, na ikishakupata nyamaza tu"

Nimewahudumia mwanafunzi wa UDOM, muuguzi, mzee wa kanisa na ofisa anayefanya kazi Mtumba, kwenye mji wa serikali, wote wakiwa na meseji za namna moja. Sijaona tamaa kwao. Nimeona baba anayetaka kumpeleka mkewe mahali baada ya miaka thelathini ya ndoa. Aibu tunayowapa watu hawa ndiyo inayowafanya wasiseme, na tapeli anaendelea na namba ile ile wiki nzima.

Ikikupata, dakika zina thamani. Piga 100 papo hapo, taja muamala, omba hela izuiwe. Kama mpokeaji hajaitoa, kuna uwezekano wa kuiokoa. Usifute meseji. Itume kwenda 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti utapeli, na ufuate maelekezo ya kutaja namba iliyokutumia. Kisha nenda polisi ukachukue RB, namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Udanganyifu wa namna hii ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, hata kama kilichoibiwa ni elfu ishirini.

Dereva wa bodaboda wa kijiwe cha hapa mbele alipoteza 40,000 kwa safari ya Mikumi aliyotaka kuwapeleka wanawe. Siku mbili hakumwambia mtu. Siku ya tatu nikamshawishi, akaenda akawasomea wenzake ile meseji kwa sauti, namba moja moja. Watatu wakatoa simu zao. Mmoja alikuwa nayo tangu asubuhi, na hela alikuwa ameshaikopa.