Leza haishuki kwenye mabati yako

Mvua ya alasiri ikimwagika Kisumu na intaneti ya setilaiti ikakwama, wateja hunipigia: "Fundi, leza imezibwa na mawingu." Nafunga madishi kuanzia Mamboleo hadi Ahero, na sijawahi kufunga hata moja linalopokea leza, yaani mwale mwembamba wa mwanga. Dishi la nyumbani hupokea mawimbi ya redio. Mvua kubwa huyadhoofisha, hapo wateja wako sawa. Leza ziko huko juu, setilaiti moja ikiipasia nyingine data mahali pasipo na wingu wala vumbi.

Wengine huamini kinyume: kwamba leza, kwa kuwa ni kali, hupenya wingu lolote. Hili huniuma zaidi, maana wingu ndilo kikwazo kikuu leza inapotakiwa kufika ardhini. Aliyepita Mau Summit usiku wa ukungu anajua: ukiwasha taa kamili, ukungu ndio unaong'aa, barabara huioni. Matone ya wingu huitawanya leza vivyo hivyo. Ndiyo maana mtambo wa NASA wa kujaribu mawasiliano ya leza, uitwao LCRD, uliorushwa angani Desemba 2021, una vituo California na Hawaii, milimani penye anga safi. Kimoja kikifunikwa, kingine hupokea. Kwetu, ambako alasiri mawingu hupanda juu ya Kano na Kericho na usiku ngurumo huhamia ziwani, ningependa vituo kadhaa vilivyo mbalimbali, kimoja kikiwa kule kwenye ukame wa Turkana.

Je, leza ina mbio kuliko redio? Hapana, zote huenda takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Leza hushinda kwa mzigo: mwaka 2023 kifaa kidogo cha leza cha NASA, TBIRD, kikiwa kwenye setilaiti kilishusha gigabiti 200 kwa sekunde.

Mama mmoja wa Nyalenda aliniuliza kama mwale huo utawapofusha wanawe. "La, mama," nilimjibu. Leza ya Psyche, chombo cha anga za mbali cha NASA, iliyotuma video kutoka umbali wa kilomita milioni 31 Desemba 2023, ina wati 4 tu, pungufu ya balbu ya sebuleni. Hadi ifike duniani imetanuka mamia ya kilomita, tena jicho haliioni. Ule mstari wa taa ambao wanawe waliuona jioni ukipita angani ni setilaiti za Starlink zilizotoka kurushwa pamoja, zikimulikwa na jua ambalo kwetu limeshatua.